Mbwa wa Kuswaga Ng'ombe: Ulizia Kazi Kabla ya Kuulizia Mbegu

Kabla hujaweka akiba ya kununua mbwa wa kuswaga ng'ombe, jibu swali moja: ng'ombe wako wanatembea? Mkulima wa Nkubu au wa Manyatta mwenye Friesian watatu waliofungiwa zizini, wanaoletewa nepia na sileji hadi kwenye hori, hana ng'ombe wa kuswagwa. Mfugaji wa Kiritiri, Makima au Ishiara, ambaye mifugo wake huondoka bomani alfajiri kufuata majani na maji, ana shughuli tofauti kabisa. Na yule wa Timau, kwenye nyanda za Buuri zinazoteremka kuelekea Isiolo, mwenye ng'ombe wa nyama wanaohamishwa kutoka uga mmoja wa nyaya hadi mwingine, ana shughuli ya tatu. Hakuna mbwa mmoja anayewafaa wote hao. Anayenunua kwa kuvutiwa na picha ama na sifa za jirani hujikuta na mnyama mwenye akili nyingi, nguvu nyingi, na asiye na kazi. Kwa mbwa wa aina hii, kukosa kazi ni maradhi.

Mbwa wa ng'ombe anayejulikana zaidi duniani ni yule wa Australia ambaye wengi humwita Blue Heeler. Katika miaka ya 1840 mfugaji Thomas Hall wa New South Wales alitaka mbwa wa kuswaga makundi ya ng'ombe nusu pori, safari ndefu, juani. Mbwa waliotoka Uingereza walishindwa na joto na walibweka mno, ng'ombe wakashtuka. Hall akawachanganya na dingo, mbwa mwitu wa huko. Mwanzoni mwa karne ya 20 Robert Kaleski akaandika sifa rasmi za mbwa hao: mwili mfupi uliokazana, urefu wa kati ya sentimita 43 na 51 begani, manyoya mafupi mazito ya rangi ya samawati au nyekundu yenye madoadoa. Ni mbwa wa kuishi miaka mingi. Mmoja wao, Bluey wa jimbo la Victoria, alizaliwa mwaka 1910 na kufa mwaka 1939.

Mtazame anavyofanya kazi. Humjia ng'ombe kwa nyuma, kimya, kichwa kikiwa karibu na ardhi. Hachagui mguu ovyo: hung'ata kisigino cha mguu uliobeba uzito wakati huo, kwa sababu mguu ule hauwezi kurusha teke papo hapo. Akishang'ata hulala chini kabisa, tumbo udongoni, na teke likija hupita juu ya kichwa chake. Kisha huinuka, akahamia ubavu wa pili. Tabia hii hakufundishwa na mtu, amezaliwa nayo. Kazi ya mwenyewe ni kumfundisha lini aanze, na zaidi ya hapo, lini aache.

Hata mbwa wawili walio maarufu sana katika mageti ya miji yetu, kutoka Meru mjini hadi Embu na Runyenjes, ni wa ukoo wa machungani. Rottweiler ana jina la mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako alikuwa mbwa wa wachinjaji: aliswaga ng'ombe hadi sokoni na kuvuta mikokoteni ya nyama, mpaka reli ilipochukua kazi hiyo na nusura ukoo wake upotee. German Shepherd alianza kusajiliwa mwaka 1899 na afisa wa jeshi, Max von Stephanitz, kutokana na mbwa wa kondoo. Kondoo hao walilishwa kando ya mashamba ya nafaka yasiyo na ua, na mbwa ndiye aliyekuwa ua. Alikwenda na kurudi kwenye mpaka siku nzima ili kondoo wasivuke. Ukimwona wako akipiga doria kandokando ya ukuta hadi nyasi zikaisha na kuonyesha njia nyekundu ya udongo, usimpige wala usimwite mkorofi. Anatimiza wajibu wa mababu zake mahali pasipo na kondoo.

Hilo ndilo jambo ninalomsihi msomaji alishike. Sifa unazozilipia pesa ndizo zitakazokusumbua usipozitumia. Mbwa aliyeumbwa kung'ata visigino atang'ata visigino vya watoto wakikimbizana uani, kisha vya bodaboda anayeleta gesi. Mbwa aliyeumbwa kumfuata bwana wake kutwa atabomoa mlango ukimwacha peke yake. Mbwa aliyeumbwa kushuku kila mgeni hatamtofautisha fundi uliyemwita na mwizi. Ukimfungia kwenye kibanda cha bati kuanzia alfajiri hadi magharibi, kabla mwaka haujaisha atakuwa hatari kwako mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa mfugaji wa ng'ombe wa zizini katika miinuko ya chai na kahawa, ushauri wangu ni wazi: usinunue mbwa wa kuswaga. Tena ng'ombe wa maziwa akitishwa maziwa hayashuki, maana hofu huzuia homoni inayoyaachilia kutoka kwenye kiwele. Mbwa mmoja anayerukaruka karibu na mahali pa kukamulia anaweza kukupunguzia kipimo unachopeleka kwa chama cha ushirika asubuhi hiyohiyo. Unachohitaji ni mbwa wa kubweka mtu akija usiku, na huyo tunaye: mbwa wetu wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, anayekula kidogo na kustahimili kupe kuliko mgeni yeyote.

Huyo wa kienyeji namheshimu kuliko wengi wanavyomheshimu. Huko Mbeere, na kaskazini mwa Igembe, ndiye anayeandamana na wachungaji. Wengine humdharau wakisema hajui kuswaga, na ni kweli hajui, kwani kazi yake ni nyingine. Mbwa wa kuswaga huwatia mifugo hofu kidogo ili wasogee. Mbwa wa kulinda huwa mmoja wao, mifugo wakamzoea, naye akamshuku kila asiye wao. Ukimtaka mmoja afanye kazi zote mbili utamharibu. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mbuzi tangu mwaka 1994, na siri yao si kubwa: mtoto wa mbwa hulelewa zizini pamoja na mbuzi tangu akiwa mdogo, akalala nao, akala karibu nao. Hilo unaweza kulifanya Siakago na mtoto wa mbwa wa kienyeji bila kuagiza chochote kutoka nje. Dhidi ya fisi au chui anayezunguka boma, au mtu anayekata ua saa tisa usiku, mbwa wawili wa namna hiyo wana faida kuliko Heeler mmoja. Na mifugo wakishaibwa, kazi inakuwa ya mbwa wa tatu, mnusaji. Hifadhi ya Lewa, huko Meru, ina mbwa wa aina ya bloodhound wa kufuata nyayo, na hao huhitaji mafunzo na watunzaji wao maalumu.

Anayebaki ni mfugaji mwenye kundi kubwa linalohamishwa mara kwa mara, hasa upande wa Timau. Huyo mbwa wa kuswaga atamfaa kweli, Heeler kwa ng'ombe wakaidi, Border Collie ikiwa ana kondoo pia. Kama ndiye wewe, au kama tayari unaye na huna nia ya kumwacha, endelea nami.

Usimchague mtoto wa mbwa kwenye picha ya simu. Nenda umwone mama yake, na kama inawezekana umwone akiwa karibu na ng'ombe. Mama mwoga huzaa watoto waoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata bila sababu. Heeler wana uziwi wa kuzaliwa katika baadhi ya koo zao, kwa hiyo simama nyuma ya mtoto asipokuona, upige makofi mara moja, asiyegeuka mwache. Kwa German Shepherd ulizia nyonga za wazazi, kwa kuwa ugonjwa wa nyonga hurithiwa na hauonekani hadi mbwa awe mkubwa. Muuzaji akisema mbwa ana ukoo safi, karatasi zake ziwe za East Africa Kennel Club, si za mashine ya duka la fotokopi. Na usimchukue chini ya wiki nane. Anayetolewa kwa mama akiwa na wiki nne hakupata kufundishwa na ndugu zake kupima ukali wa meno yake, na somo hilo ni gumu kulifidia.

Mafunzo yaanze siku ya kwanza, lakini ng'ombe wangoje. Miezi ya mwanzo mbwa ajifunze mambo matatu tu: kuja akiitwa, kulala chini, na kuacha. Chagua neno moja kwa kila jambo, liwe la Kimeru, la Kiembu au la Kiswahili, na nyumba nzima itumie lilelile. Baba akisema "rudi," mama akisema "kuja hapa" na kijana wa ng'ombe akapiga mluzi, mbwa hatajua amtii nani na atajiamulia mwenyewe. Tumia kamba ndefu ya mita nane hivi ili asipate nafasi ya kukataa. Zaidi ya wote, kijana wa ng'ombe ahudhurie kila zoezi, kwa maana ndiye atakayekuwa na mbwa huyo malishoni wakati wewe uko sokoni. Mbwa anayemtii mwenye shamba tu ni mzigo kwa mchungaji.

Akifika miezi sita hivi, mwonyeshe mifugo akiwa kwenye kamba. Anza na kondoo wapole au ndama walioachishwa, kamwe usianze na ng'ombe mwenye ndama mchanga: huyo atampiga pembe, na mtoto wa mbwa aliyeumizwa mapema ama huogopa maisha yake yote ama huwa mkatili. Dakika kumi zinatosha. Mwite amalize angali ana hamu. Kazi ya kutwa isubiri apite mwaka mmoja, mifupa ikishakomaa. Na usimruhusu kuswaga ng'ombe mwenye mimba kubwa, wala kufukuza mnyama yeyote kwa kujifurahisha. Mbwa akigundua kwamba ng'ombe ni mchezo, umempoteza.

Kuhusu chakula, ugali na omena si vibaya, lakini ugali mtupu haumtoshi mbwa anayekimbia kutwa. Anahitaji nyama, samaki, mayai au matumbo yaliyopikwa, na mafuta kidogo. Kuna mambo mawili ya kwetu hasa ya kuangalia. La kwanza ni mahindi yaliyoota ukungu. Watu wengi huyatenga, wakasema haya tutampikia mbwa. Sumukuvu iliyomo huharibu ini la mbwa na kumuua, na kupika hakuiondoi. Nayo ni sumu ileile iliyoua watu zaidi ya mia moja Makueni, Kitui na wilaya jirani mwaka 2004. Usimpe ng'ombe pia, maana itatoka kwenye maziwa. La pili ni makadamia. Katika mashamba ya Embu na Meru zinaanguka chini ya miti kwa msimu mzima, na mbwa huzipenda. Kwake ni sumu. Ndani ya saa kumi na mbili miguu ya nyuma hulegea, hutetemeka, hutapika, na mwenyewe hudhani amepigwa na ng'ombe au ana kichaa. Wengi hupona siku mbili zikipita, lakini mpeleke kwa daktari na umweleze umeona maganda.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo wafugaji hawaisikii mara nyingi: yale yanayopita kati ya mbwa na ng'ombe. Upo mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, neospora. Mbwa humpata akila kondo la nyuma au ndama aliyetoka, kisha humtoa kwenye kinyesi chake. Kinyesi kikiangukia hei au nepia, ng'ombe hula, na mimba huharibika, mara nyingi ikiwa na miezi mitano hadi saba. Hakuna dawa wala chanjo ya kuaminika ya kumpa ng'ombe huyo, na anaweza kumrithisha mtamba atakayemzaa. Kwa hiyo mbwa asilale kwenye banda la malisho hata kama pana joto zuri, na kondo la nyuma lichimbiwe shimo refu au lichomwe saa ileile, badala ya kutupwa nyuma ya migomba.

Ya pili ni tegu. Wakati wa arusi au Krismasi mbuzi anachinjwa nyumbani, ini lina mifuko ya maji, mchinjaji analikata na kumtupia mbwa. Ndani ya mifuko ile mna watoto wa tegu. Baada ya wiki sita au saba mbwa ameanza kutoa mayai yake, nayo hushika manyoya, nyasi, sukuma wiki na mikono ya mtoto anayemkumbatia. Kwa binadamu huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, na wengine huhitaji upasuaji. Wakenya huuhusisha ugonjwa huu na Turkana, ambako umeenea sana, lakini hauna mpaka. Mbwa anayekaa na mifugo apewe dawa yenye praziquantel, na daktari wa mifugo apange ratiba. Palipo na hatari kubwa ni kila wiki sita. Nyama mbichi yenye mifuko asipewe kabisa.

Halafu dawa za ng'ombe. Narudia hili kila nikipata nafasi: sindano ya ivermectin ya ng'ombe si ya mbwa. Kipimo chake ni kikubwa mno kwa mwili mdogo, na kwa mbwa wa machungani hatari ni maradufu. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, waligundua kasoro ya kurithi katika jamii ya Collie inayoacha dawa hiyo ipenye hadi kwenye ubongo. Mbwa huyumba, hupofuka, huzimia, hufa. Mchanganyiko wowote wenye damu hiyo, na hata baadhi ya German Shepherd, unaweza kuwa nayo. Vilevile maji ya kuogeshea ng'ombe yaliyobaki kwenye pampu usimpulizie mbwa kwa kukisia. Dawa ya kupe wa mbwa ipo kwenye maduka ya mifugo; mweleze muuzaji uzito wa mbwa, na umkague kila jioni masikioni, kwapani na katikati ya vidole.

Wa Mbeere, na wanaopakana na Mbuga ya Meru, muwe macho na mbung'o. Mko ndani ya ukanda unaoitwa Meru-Mwea, na nagana haiwapati ng'ombe peke yao. Mbwa akikonda, akawa na homa inayokuja na kwenda, kisha jicho likafunikwa na utando wa samawati iliyofifia, usiseme ni vumbi au teke. Mwone daktari siku hiyohiyo, kwa sababu nagana humuua mbwa upesi. Huko huko bondeni joto pia huua: mbwa wa kigeni mwenye manyoya mazito afanye kazi alfajiri na jioni, na mchungaji abebe maji yake. Akianza kuhema kwa nguvu, ulimi mwekundu mno, hatua zikayumba, mtieni kivulini na mmwagilieni maji ya kawaida tumboni na miguuni.

Chanjo ya parvo na distemper ianze kati ya wiki ya sita na ya nane, irudiwe hadi wiki ya kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa ni akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka bila kukosa. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mkakati wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na hilo halitawezekana mpaka mbwa wasiopungua asilimia 70 wachanjwe, wa kienyeji wakiwemo. Afisa wa mifugo wa wadi akitangaza siku ya chanjo, mpeleke wako, na umkumbushe jirani ampeleke wa kwake. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Na kwa wenye ng'ombe kuna onyo la ziada. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa wiki au miezi iliyopita anaweza kuanza kudondosha mate, kushindwa kumeza, na kulia kwa sauti nzito iliyokwaruza. Mfugaji hudhani amekwamwa na kiazi au bunzi la hindi, akaingiza mkono kooni kukitoa. Usiingize mkono. Mfunge mbali na wengine, maziwa yake yasinywewe, na umwite daktari wa mifugo.

Mbwa wa kazi hakuambii kwamba amezeeka. Ataendelea kukimbilia kisigino hata wakati amechelewa kulala chini, na hapo ndipo teke hupasua taya. Akifikisha miaka minane au tisa, mpunguzie: alinde geti la zizi, aongoze ndama, aachane na mafahali. Mtoto atakayemrithi mlete nyumbani mapema, mzee angali na nguvu za kutembea, ili waende malishoni pamoja kwa mwaka mmoja au miwili. Atamfundisha mdogo njia ya kwenda mtoni, ng'ombe yupi ana tabia ya kurusha teke, na kwamba akiitwa, huacha mara moja.